Wiki yetu ya chanzo huria inataka fremuweki mpya ya bekendi, tuanzie wapi?

mtunza_repo:
Wakuu salaam. Nina jambo naomba tulijadili kabla sijalipeleka kwa wenzangu. Tuna mradi wa wiki wa chanzo huria, kodi ya bekendi yake (upande wa seva) ni lugha ya PHP ya kuandika kwa mkono, fremuweki (msingi wa kodi uliokwisha tengenezwa wa kujengea juu yake) hakuna kabisa, faili moja la index.php linapokea kila kitu halafu kuna switch ndefuuu inaamua kama mtu anasoma ukurasa, anahariri au anaangalia historia. Inafanya kazi na watu wanaitumia, mashule hasa na vikundi vya mtaani. Ila kila kijana anayekuja kuchangia akifungua lile faili anaondoka kimya kimya. Kuna wenzangu wanasema tuandike upya kwa Node.js (ya JavaScript), mwingine anataka Django (fremuweki ya Python), mimi moyo uko Laravel (fremuweki ya PHP). Nataka kujua ipi itatuletea watu wa kusaidia bila kuwatupa wale wenye wiki zetu tayari, na je tuandike yote upya au tuhame kidogo kidogo? Nawasilisha.

bekendi_tz:
Laravel mkuu, usiwaze mara mbili. Nyaraka zake zinaeleweka, na vijana wengi huku wakishamaliza PHP ya kawaida ndo wanakoenda. BookStack imejengwa juu ya Laravel na ni wiki inayotumika duniani kote, kwa hiyo siyo kwamba unajaribu kitu hakijawahi kufanyika.

seva_baridi:
Mimi niongelee hilo la Node kwanza maana naona watu wanalichukulia kirahisi. Angalieni MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia. Yenyewe ni PHP, lakini kile kipande cha Parsoid kinachogeuza wikitext (maandishi yenye alama za wiki) kuwa HTML na kurudisha kiliandikwa kwa Node.js, na matokeo yake mtu mwenye wiki ndogo akitaka kile kihariri kipya cha VisualEditor ilibidi aendeshe huduma ya pili pembeni ya PHP, na hostingi (wanaokodisha seva) za bei nafuu wengi hawaruhusu hiyo. Mwishowe wakaihamishia Parsoid kwenye PHP, mwaka 2019 ikaanza kutumika Wikipedia. Na wale wana wahandisi wa kuajiriwa! Nyie mnaojitolea jioni baada ya kazi mtaendesha lugha mbili kwa nguvu gani? Bakini PHP. Fremuweki ndani ya PHP sawa kabisa.

mwl_tehama:
Naomba niseme kama mtumiaji maana tuna wiki ya namna hii shuleni, wanafunzi wanaandika maelezo ya mazao na mifugo. Hostingi yetu ni ile ya kushea seva na wengine, unaingia cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi), unapakia faili, basi. Sina SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa kuandika amri), na PHP yenyewe inabadilishwa wanapoamua wao. Mkihamia kitu kinachonitaka nifungue tamino niandike amri mimi nitabaki kwenye toleo la zamani, na siko peke yangu. Tafadhali mtoe zip ambayo kila kitu kiko ndani.

seva_baridi:
@mwl_tehama umesema jambo la msingi sana. Laravel 11 inataka PHP 8.2 kwenda juu, kwa hiyo mtunza_repo kabla ya kuchagua toleo waulize watumiaji wako wana PHP ipi. Na hiyo zip inawezekana, mnaendesha Composer (programu ya kupakua maktaba za PHP) nyie wenyewe wakati wa kutoa toleo, folda ya vendor yenye maktaba hizo inaingia humo humo.

historia_kwanza:
Mnajadili fremuweki, mimi naogopea data. Wiki ni historia yake, nani alibadilisha nini na lini, hiyo ikipotea umebaki na tovuti tu. Kwa hiyo msiguse jedwali la marekebisho mwanzoni, acheni Laravel isome databesi ile ile ya zamani kama ilivyo.

Na msiandike upya yote kwa mpigo. Wekeni Laravel mbele, njia ambayo haijaitambua iangukie kwenye index.php ya zamani. Anzeni na ukurasa wa historia, ule wa kusoma tu, ukitulia mnakuja kwenye kutafuta, kuhariri mwisho kabisa. Patakapowasumbua ni sesheni (kumbukumbu ya kwamba mtu ameshaingia), Laravel haitumii $_SESSION ya PHP, mtu ataingia upande mmoja upande wa pili umwambie hajaingia, hilo litatueni kabla ya kitu kingine chochote.

Kingine kidogo ila kinauma: majina ya kurasa. Str::slug ya Laravel, ile inayogeuza kichwa kuwa anwani, ikipewa Ng'ombe inakurudishia ngombe, ile alama imeondolewa, na viungo vyote vya zamani vya ukurasa huo vinakufa. Wiki ya huyo mwalimu imejaa mifugo! Tunzeni kichwa cha ukurasa kama mwandishi alivyokiandika, na andikeni testi ya Ng'ombe, ya Ng’ombe yenye ile alama iliyopinda ya kwenye simu, na ya anwani za zamani za index.php?title= kabla hamjaandika mstari wowote mwingine.

bekendi_tz:
Hapo kwenye slug nakubali kabisa. Na hizo testi ndo kazi nzuri ya kumpa mchangiaji mpya, ndogo, inaeleweka, na anaijua wiki akiwa anaiandika.

mtunza_repo:
Aisee asanteni sana wakuu. Napeleka hivi kwa wenzangu: tunabaki PHP, Laravel mbele kodi ya zamani nyuma, databesi haiguswi, tunaanza na sesheni halafu ukurasa wa historia. Toleo la zamani tutaendelea kuliwekea marekebisho ya usalama mpaka kuhariri kuhamie. @mwl_tehama unaweza kuangalia cPanel yako utuambie uko PHP ngapi?

mwl_tehama:
Nimeangalia sasa hivi, ni 8.1, ila kuna sehemu ya kuchagua na 8.2 naiona ipo. Mkitoa zip ya majaribio nitaiweka kwenye nakala ya wiki yetu kwanza.