Waliopita studio za usanifu majengo, tupeane uzoefu

Mzee wa Wembe: Wakuu, leo nimekuta ubao wa kuchorea umegeuzwa meza ya chakula, roho imeniuma. Vijana wa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, hamjui kukwangua wino uliokosewa kwa wembe usiku wa manane. Karatasi ikitoboka, unaanza upya. Nazungumzia enzi za Chuo cha Ardhi, kabla hakijageuka UCLAS, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1996, wala hiki Chuo Kikuu Ardhi cha 2007 hakijawazwa. Lete yako.

Binti Nguzo: Kukesha tu. Nimemaliza.

Fundi Chokaa: Chuo sitaji. Mwaka wa pili tulipewa zoezi la kubuni zahanati. Nikapanda daladala na modeli ya maboksi, konda ananidai nauli ya watu wawili! Kituo cha mbele kapanda mama na ndoo ya samaki. Breki moja, ndoo ikatua juu ya wodi ya wazazi, paa lote likalala upande. Nikaingia kwenye jopo la walimu wanaohakiki kazi, mwili umekufa ganzi. Mwalimu mmoja, yule asiyecheka hata sikukuu, akaizunguka modeli, akauliza, "Hili paa mbona limelala?" Nikamjibu linapokea upepo wa kusi. Weee! Walimu wakaanza kubishana wenyewe, kusi na kaskazi, mimi nimesimama nanuka samaki. Nikapewa B.

Kijana wa Site: Chai.

Binti Nguzo: Tena ya tangawizi 😂 Mama wa samaki alilipwa?

Jirani wa Nairobi: Mnasifia Ardhi, ilhali usanifu huku kwetu ulianza kufundishwa Royal Technical College, Nairobi, 1956.

Mzee wa Wembe: Nani kabisha? Beda Amuli aliyechora soko la Kariakoo alihitimu Haifa, Israel. Msanifu mwingine wa Dar, Anthony Almeida, alisomea Bombay. Vyuo vya nyumbani vilichelewa, watu wakasafiri.

Jirani wa Nairobi: Kwa hiyo Nairobi ilitangulia. Asante.

Kijana wa Site: Mmehama mada.

Mzee wa Wembe: Hayo majopo yenyewe ni urithi wa École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris. Michoro ilikusanywa kwa mkokoteni, na inasimuliwa wanafunzi walidandia wakimalizia kuchora njiani. Chokaa, una wenzako.

Dogo Mwaka wa Kwanza: Nawasilisha Jumatatu, nisaidieni.

Fundi Chokaa: Beba modeli vipandevipande, unganisha palepale.

Binti Nguzo: Usithubutu, gundi haitakauka. Kodi bajaji.

Kijana wa Site: Ulale mapema, dogo.

Mzee wa Wembe: Huyu hajasoma usanifu.