Wanafunzi wangu wanaamini kujaribu mara kumi ni kuthibitisha. Nifanyeje?

Madam_Hisabati
Habari zenu walimu. Nafundisha kidato cha pili. Wiki iliyopita niliwapa wajumlishe namba witiri: 1, kisha 1+3, kisha 1+3+5, kisha 1+3+5+7. Wakapata 1, 4, 9, 16, na muda si mrefu wakagundua kwamba zote ni namba za mraba. Nikauliza, "Mnajuaje itaendelea hivyo siku zote?" Darasa zima: "Tumejaribu, Madam!" Binti mmoja alijumlisha namba witiri 25 za kwanza, akapata 625, akafunga daftari. Nilipoandika uthibitisho kwa herufi ubaoni, walinakili kimya. Nakujua kunakili kule. Hakuna aliyeona kwa nini tuhangaike na n wakati jibu tunalo. Inaniuma, maana hawa watoto wana akili.

ChakiMkononi
Umewapa dawa kabla hawajaumwa, mwalimu. Wachore duara, waweke nukta kwenye mzingo, waunganishe kila nukta na nyingine zote, wahesabu vipande. Nukta moja: 1. Mbili: 2. Kisha 4, 8, 16. Waulize za nukta sita. Watajibu 32 kwa sauti moja. Waache wahesabu: ni 31. Watafuta, watachora upya, watalaumiana. (Nukta sita zisiwe na nafasi sawa, la sivyo mistari mitatu itakutana katikati na watapata 30.) Baada ya hapo neno "tumejaribu" halitawatoka kirahisi.

MwalimuMstaafu
Naunga mkono, lakini usiishie kuwatia shaka. Kusanya visoda. Weka kimoja. Ongeza vitatu kukizunguka pande mbili, upate mraba wa 2 kwa 2. Ongeza vitano, upate wa 3 kwa 3. Sasa uliza: mraba ukiwa na upande wowote ule, tunahitaji vingapi kupata unaofuata? Usitaje n. Subiri waitafute wenyewe.

Madam_Hisabati
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Nimefanya yote mawili, jana na leo. Ile 31 iliwakera kweli. Wawili walikuja ofisini mapumziko na michoro yao kunionyesha nimekosea. Leo kwenye visoda, kijana mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono aliufunika mraba kwa daftari, ukabaki ukingo tu. Akasema, "Sihitaji kujua humu ndani kuna vingapi. Mradi ni mraba, naongeza safu moja huku, safu moja kule, na kimoja cha kona." Nikamuuliza safu ina vingapi. "Kama upande wake ulivyo, Madam." Ndipo nikaandika n + n + 1, na nikaeleza kwamba hiyo ndiyo namba witiri inayofuata. Yule binti wa 625 akafungua daftari lake tena.

Sasa wanauliza za shufwa, 2+4+6, kwa nini hazitoi mraba. Nimewaambia wakusanye visoda zaidi.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Watapata mstatili, upande mmoja umezidi mwingine kwa kimoja. Usiwaambie.