Naomba ushauri: cheni mbili za injini ya 3RZ

Habari zenu wakuu. Nina Prado ya 1998, injini 3RZ ya petroli, cc 2700. Njia yangu ni Kampala–Gulu, na ndiyo inayolisha familia. Tangu mwezi uliopita nikiiwasha asubuhi inakwaruza mbele sekunde tatu hivi, oili ikipanda inatulia. Jana tumefungua kifuniko cha mbele: gaidi ya plastiki (inayoongoza cheni isiyumbe) imekatika, kipande tumekiokota kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na cheni zote mbili, ya taimingi (inayoendesha vali) na ya balansi (inayozungusha shafti za kupunguza mtetemo), zinaning'inia.

Fundi anataka tubadilishe ya taimingi tu, hii nyingine tuifunge ilivyo. Moyo wangu unakataa. Shafti za balansi huzunguka mara mbili ya kasi ya krenki, shafti kuu ya injini. Cheni yake ikikatika huko Karuma si itabeba na mwenzake?

Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie: gia za meno zinazopita cheni nazo nibadilishe, au tenshena (kikaza cheni) na gaidi mpya zinatosha? Na alama za balansi mlizilinganishaje? Kisekka, soko la spea hapa Kampala, nimeona seti mpya zisizo na boksi, bei rahisi mno, naziogopa. Gari liko juu ya mawe, nasubiri majibu yenu kabla sijanunua.