Maduka ya vyombo vya muziki Arusha, tumechoka kuuziwa idadi ya efekti badala ya sauti!

Wakuu habari za muda huu.

Nimelivumilia hili vya kutosha, leo naliweka wazi. Naomba wasimamizi wasiuunganishe uzi huu na ule wa magitaa ya bei nafuu, maana nazungumzia kitu kimoja tu: prosesa za gitaa, hizi tunazoziita malti, yaani chombo kimoja cha kukanyaga kwa mguu chenye efekti nyingi za kubadilisha sauti ya gitaa, na jinsi tunavyouziwa hapa Arusha. Wenzetu wa Moshi nao wanalia kilio hicho hicho, nimeongea nao.

Ukiingia dukani ukasema unatafuta malti kwa ajili ya modulesheni, zile efekti zinazoyumbisha sauti, yaani korasi, feiza, flenja, tremolo, vibrato na ile sauti ya spika ya kuzunguka, muuzaji anageuza boksi na kukusomea namba. "Hii ina efekti mia mbili, kaka. Ile ya juu pale ina mia na hamsini, ndiyo maana bei yake iko chini." Kamaliza. Hajui, au anajua na ananyamaza, kwamba namba hiyo haikwambii lolote kuhusu kitakachotoka kwenye spika ukikanyaga swichi. Swali la maana ni hili: kati ya hizo mia mbili, ngapi zinawaka kwa pamoja? Na katika hizo zinazowaka pamoja, modulesheni zinaruhusiwa ngapi?

Mimi ni mpiga solo. Napiga kanisani, na napiga na bendi kwenye maharusi na mahotelini, kuanzia Njiro mpaka Usa River. Kwenye sebene nataka gitaa safi lenye korasi ya taratibu na dilei (mwangwi) fupi nyuma yake. Kwenye nyimbo za kuabudu nataka feiza ya polepole iingie kabla ya ovadraivu, au draivu kwa kifupi, ile efekti ya kukwaruza sauti, halafu korasi au spika ya kuzunguka ije baada yake. Modulesheni mbili, kila moja mahali pake, kwa wakati mmoja. Nilimweleza muuzaji hivyo hivyo, neno kwa neno, akanijibu kwa macho makavu: "Hii inafanya hayo yote na zaidi." Nikalipa laki saba na ushei, taslimu.

Kufika nyumbani nikaiwasha. Kwenye kioo vimepangwa viboksi: kompresa, draivu, ampi, kabineti, ikwalaiza, MOD, dilei, riveba. Kiboksi cha MOD ni kimoja. Ndani yake zimejaa korasi za kila aina, feiza, flenja, tremolo, orodha ndefu kweli kweli. Ukichagua korasi, inakuja. Ukizungusha kitufe kwenda kwenye feiza, korasi imeshatoka. Bloku ya pili, yaani kiboksi kingine cha MOD, hakuna, na hiyo moja huwezi kuihamisha ikae kabla ya draivu. Kwa hiyo efekti mia mbili nilizolipia, kwa kazi niliyomweleza, ni modulesheni moja tu, tena inakaa pale walipoamua wao.

Na msidhani watengenezaji wanaficha habari hizi. Kampuni ya Line 6 walipotoa M5 walisema wazi kwamba ina efekti zaidi ya 100 lakini inawasha moja tu kwa wakati. Unataka tatu kwa pamoja? Chukua M9. Unataka nne? M13. Hazina ya efekti inakaribiana, ila matumizi yake jukwaani ni mbingu na ardhi. HX Stomp ilipotoka 2018 ilikuwa na bloku 6, na programu ya 2020 ikazifikisha 8. Zoom MS-70CDR, kadude kadogo kanakoweza kuendeshwa na betri mbili, imetengenezwa mahsusi kwa korasi, dilei na riveba, na inapanga mpaka efekti 6 kwa pamoja. Boss GT-1 ina bloku ya FX1 na ya FX2, kwa hiyo feiza unaiweka kwenye moja na korasi kwenye nyingine, kazi inaendelea. Yote haya yameandikwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo mtu anavishusha bure kwenye simu yake. Sasa mtu mwenye duka la vyombo vya muziki, anayeishi kwa jasho la wanamuziki, anashindwaje kusoma ukurasa mmoja wa kitu anachokiuza?

Linaloniudhi kuliko yote ni kukatazwa kupima. Unaomba kuchomeka gitaa, unaambiwa "plastiki ikitoka umenunua." Ampi ya kujaribia hakuna, au ipo lakini imebebeshwa maboksi juu. Badala yake kijana anatoa simu anakufungulia video. Jamani! Modulesheni inayotoka kwenye kispika cha simu! Huyo aliyerekodi video kapiga kwa gitaa lake, kwa ampi zake mbili, kwa maikrofoni zake, mimi nasikiliza mlio kama wa nyuki huku pikipiki zinapita nje Barabara ya Sokoine, halafu nitoe laki saba. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hao wa mitandaoni ndio kabisa: picha imechukuliwa kwa mtu mwingine, bei njoo inboksi, mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, na ukifika Arusha aliyeuza hapokei simu.

Kwa wasiopiga gitaa wanaoweza kudhani nalalamikia vitu vidogo, nieleze kidogo. Korasi inatengenezwa kwa kuchukua sauti ya gitaa, kuinakili, kuichelewesha ile nakala kwa milisekunde kama 15 mpaka 30 hivi, kuufanya ucheleweshaji huo uyumbeyumbe taratibu, kisha kuichanganya na sauti halisi. Ndiyo maana gitaa moja linasikika kama mawili. Flenja ni ndugu yake, ila ucheleweshaji wake ni mfupi zaidi, milisekunde chache, na sehemu ya sauti inarudishwa ndani tena, ndipo unapopata ule mvumo wa ndege inayopaa. Feiza haicheleweshi namna hiyo. Inapitisha sauti kwenye vichujio vinavyogeuza awamu ya mawimbi, ikichanganywa na sauti halisi baadhi ya masafa yanajifuta, na mashimo hayo yanapanda na kushuka. Tofauti kati ya korasi nzuri na mbaya iko kwenye namna ule myumbo unavyotembea: unapumua, au unakwaruza? Unaacha noti za juu ziwe wazi, au unazifunika? Hilo utalijua kwa sikio lako, kwa gitaa lako, kwa vidole vyako. Boksi haliwezi kukwambia.

Tena kama idadi ndiyo ingekuwa kipimo, MXR Phase 90 isingekuwa na thamani yoyote leo. Imetoka 1974, efekti moja, kitufe kimoja cha kasi, basi. Watu wanaitafuta mpaka leo, na karibu kila malti unayoiona dukani ina nakala yake ndani chini ya jina la kuzungukazunguka. Boss CE-1 ya 1976 nayo ilikuwa korasi na vibrato tu, na ilitokana na saketi iliyokuwa ndani ya ampi ya Roland JC-120 ya mwaka mmoja kabla yake.

Hiyo JC-120 inanileta kwenye uongo wa pili niliopigwa, kwamba "mono na stirio ni kitu kimoja tu, usijisumbue na waya wa pili." Si kitu kimoja! Mono ni sauti ya njia moja, stirio ni ya njia mbili, kushoto (L) na kulia (R). JC-120 ina spika mbili za inchi 12. Ikiwa kwenye korasi, spika moja inatoa gitaa kavu, nyingine inatoa lile lililoyumbishwa, na sauti zinachanganyika hewani kabla hazijafika sikioni. Malti nyingi zinaiga mpango huo kwenye jeki zake mbili. Sasa nenda kanisani: fundi mitambo anakupa waya mmoja, kwa sababu chaneli zimejaa kwaya, na kwa haraka anachomeka kwenye jeki ya R. Spikani kinachosikika ni ule upande ulioyumbishwa peke yake, bila gitaa kavu. Noti zinapanda na kushuka, mwalimu wa kwaya anakugeukia, watu wanadhani gitaa halina tuni. Ukitumia waya mmoja, uwe kwenye jeki iliyoandikwa L/MONO, ambapo kwenye malti nyingi pande zote mbili zinaunganishwa ndani kwa ndani. Muuzaji anayejua kazi yake angenieleza hilo kwa nusu dakika, kisha angeniuliza napiga wapi kabla ya kunipendekezea kitu.

Adapta sasa. Kwenye boksi langu haikuwemo. Nikauliza, jamaa akavuta droo akanipa ya kingamuzi, volti 12. "Inaingia hiyo." Kuingia inaingia! Chombo kimeandikwa mgongoni volti 9, na alama ya hasi katikati ya plagi, na ile ya kingamuzi ina chanya katikati. Bahati nzuri huwa nasoma kabla ya kuchomeka. Mwenzangu anayepiga besi Moshi hakuwahi kuonywa. Alinunua malti iliyotumika kutoka Marekani, ikaja na adapta yake ya volti 120, akaichomeka kwenye umeme wetu wa 230. Moshi ulitoka kwenye adapta hapo hapo na chombo hakijawaka tena. Aliyemuuzia alijua mzigo umetoka wapi. Kumwambia tu "tafuta adapta nyingine" kungemgharimu nini?

Basi nikarudi dukani na malti yangu, boksi zima, kila karatasi imo. Nikamwonyesha kwenye kioo: hii korasi, hii feiza, angalia, ikija hii ile inaondoka, na wewe uliniambia zinakwenda pamoja. Mwenye duka akaja juu. "Kaka, wewe ndiye hujui kuitumia." Nikamwomba basi anioneshe yeye. Akaibonyeza bonyeza pale, jasho likamtoka, akaishia kunyoosha kidole kwenye kibao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia siombi hela, nabadilisha na kitu kingine naongeza juu. Hapana. Mbele ya wateja wengine nikaonekana mimi ndiye msumbufu.

Nimesoma sheria baada ya hapo, na ninyi someni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa mambo kama haya. Kwa hiyo kibao cha ukutani kisiwatishe. Ila daini risiti ya EFD yenye jina kamili la modeli, na yale muuzaji aliyokuahidi mwambie ayaandike kwa ujumbe wa simu kabla hujatoa hela: bloku ngapi, modulesheni ngapi kwa pamoja, zinahamishika au hazihamishiki, stirio au mono, adapta imo au haimo. Akikataa kuandika, ondoka.

Kwa wenye maduka mnaopita hapa, maana najua mnapita: hatuombi punguzo. Tunaomba ampi moja, hata ya wati kumi, hedifoni moja, waya mmoja, na chombo kimoja cha maonyesho kwa kila modeli mnayouza. Vijana wenu wasome kitabu cha maelekezo. Wanamuziki wa mji huu wanavuka Namanga kwenda kununua Nairobi, si kwa kupenda safari ile na usumbufu wa ushuru, ni kwa sababu wanataka kusikia wanachokilipia. Hela hiyo ingebaki hapa.

Wadau, kama kuna duka Arusha au Moshi linaloruhusu uje na gitaa lako, uchomeke, upige, tafadhali taja mtaa lilipo. Na aliyewahi kupata modulesheni mbili kwa pamoja, moja kabla ya draivu na moja baada yake, kwenye malti ya chini ya milioni moja, aseme anatumia ipi na ameisikiaje kwenye spika za ukumbini, si za simu.

Yangu naiuza. Ina kiboksi kimoja cha MOD, kipo baada ya ampi, hakihami. Korasi yake peke yake si mbaya kwa sebene. Adapta sahihi ya volti 9 nimeshainunua, naitoa nayo. Anayeitaka aje Sakina na gitaa lake, achomeke, apige mpaka aridhike, ndipo tuongee bei.