Tupeane uzoefu: mchokozi wa grupu mnamtambuaje, na mnamzimaje?

Uzi wa maadmini na wanaokaa kwenye magrupu makubwa ya WhatsApp. Mwageni mbinu, hasira muache nje.

mama_karafuu: Tusimchanganye mwenye hasira na mchokozi. Mwenye hasira ana jambo lake, ukiligusa anatulia. Mchokozi ana chambo tu. Mfano, grupu la wafugaji kuku: mtu kauliza chanjo ya kideri, anadakia mmoja, "Kuku wa kienyeji chanjo ya nini, mnaliwa hela tu." Mjibu mara moja, kavu: chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Halafu muulize ana kuku wangapi na anawakinga na nini. Mbishi wa kweli atajibu. Mchokozi atarukia kabila lako, au dini, au mkeo. Hapo umeshampima, usimpe jibu la pili.

fundi_saa: Na yule mpole je? "Samahani ndugu, naomba tu ushahidi." Unauleta, anaomba mwingine, na wa kwanza hajaufungua. Huyu anachosha kuliko mtukanaji, maana watu wanamtetea: "Mbona anauliza vizuri?" Mwambie, "Nimejibu saa 4:10, panda juu usome." Basi, nyamaza.

admin_wa_zamu: Picha ya skrini kabla ya lolote. Ujumbe wa WhatsApp unaharirika ndani ya dakika 15. Anatukana, mnafoka, anarudi kuulainisha, mnaonekana wahuni ninyi. Alama ya kuhaririwa inabaki, ila tusi lenyewe halionekani tena. Picha ioneshe namba, tarehe na saa. Jina ulilomsevu halitasaidia kitu. Kisha futa ujumbe kwa wote, mtoe, badilisha linki ya kujiunga, washa kibali cha admin kwa wanaoingia. Wengi wanaishia kwenye kumtoa, jioni karudi na laini nyingine. Na msitangaze "tumemtoa fulani". Mtajadiliana siku nzima, na mchokozi hapo ndipo anapokula sikukuu.

Chumvi_Nyingi: Grupu likiwaka, weka maadmini pekee ndio waandike, saa 2 au 3. Ukifunga usiku kucha watu wanahamia inbox kusengenyana, asubuhi mna kambi mbili.

mama_karafuu: Kuripoti: WhatsApp wanapokea meseji 5 za mwisho alizotuma, naye haambiwi. Ripoti mapema, kabla tusi halijafunikwa na stika zake.

wakili_mstaafu: Admin wa zamu, hapo kwenye kufuta punguza mwendo. Matusi ya kawaida, sawa, futa. Lakini akitishia mtu, au akimwandama siku baada ya siku, hilo ni suala la polisi: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ile ya 2018. Anayetishiwa aende na simu yenyewe, meseji zikiwa bado mle ndani. Picha ya skrini peke yake ni rahisi kupingwa. Ukifuta kwa wote, umemfutia na yeye ushahidi wake.

admin_wa_zamu: Nimekuelewa mzee. Basi vitisho: mtoe, meseji ziacheni.