Naomba ushauri: kuhamia Kisumu na ng'ombe mwenye mimba

Ndugu wafugaji, hamjambo. Mwisho wa mwezi tunahama Njoro kwenda Kisumu. Siku hizi naamka mapema niwatazame tu: kondoo wamejilaza kando ya ua, ukungu haujainuka, na ng'ombe wetu wa maziwa, Friziani, anacheua taratibu. Nitawakosa sana. Kondoo, jirani atawachukua. Ng'ombe ndiye anayeninyima usingizi, kwani ana mimba ya miezi saba na amezoea baridi ya huku juu. Kisumu kuna joto, na kupe waletao ugonjwa wa ndigana kali. Daktari wa mifugo amenieleza habari za kibali cha kusafirisha, lakini kuhusu mimba aliniachia niamue.

Je, nimsafirishe sasa kwa lori, au nimwache kwa jirani hadi azae? Na mliowahi kupeleka Friziani huko, mliwakingaje na ndigana?