Tupeane uzoefu: braunizi za korosho na karanga, wewe unaokaje kwako?

Wakuu habari za jioni. Wanaooka braunizi za chokoleti nyumbani, vile vipande vizito vyenye unyevu ndani, hasa zenye korosho, karanga au lozi ndani, hebu tupeane uzoefu. Mimi nina oveni ndogo ya umeme, naweka siagi gramu 115, sukari kikombe kimoja, mayai mawili, kokoa nusu kikombe, unga wa ngano nusu kikombe, chumvi kidogo na vanila. Bekingi poda siweki kabisa maana ukiweka inaumuka inakuwa keki, na keki za kokoa tushakula sana. Korosho kiganja na kitu hivi. Trei ya sentimita 20, nyuzi 175, dakika 25 naanza kuchungulia. Wa jiko la mkaa msijifiche, nyie ndo nataka kuwasikia.

Mama Pacha:
Haya wa mkaa nimefika 😂 Sufuria kubwa, chini nalaza mchanga mkavu, trei juu ya mchanga, nafunika mfuniko bapa. Siri yote ipo kwenye moto, chini makaa machache tu yaliyokwisha kushika majivu, mengi yote naweka juu, kwa sababu braunizi ina sukari na siagi nyingi kuliko keki ya kawaida na kitako kinaungua ukigeuka tu kumjibu mtoto. Saa siangalii, harufu ikifika mlangoni nafunua nachoma kijiti, kikitoka na chengachenga zilizolowa naipua hapohapo, ukisubiri kitoke kikavu ushachelewa. Mama mkwe alikuja akaonja akasema mwanangu hii haijaiva rudisha motoni, nikamwambia mama ndo ilivyo hii, akala akamaliza na vingine akaomba afungiwe.

Mmakonde wa Mjini:
Korosho mleta mada, wala usihangaike na jozi (walnut) za supamaketi bei ya mbuzi. Huku Mtwara ukienda sokoni omba vipande, zile zilizovunjika wakati wa kubangua, bei inashuka na we si unakwenda kuzikatakata hata hivyo? Ila usizitie mbichi!! Zikaange kavu kwenye kikaango moto mdogo mpaka zianze kubadilika rangi, acha zipoe, ndo uchanganye. Mbichi zinalainika humo ndani huzisikii hata ukitafuna. Na nyingine bakiza unyunyize juu.

Chai ya Saa Kumi:
Mimi nina neno na wanaotumia chokoleti ya kunywa halafu wanalalamika braunizi haina rangi. Ile ina sukari na mara nyingi na maziwa, kokoa yenyewe humo kidogo. Soma kopo, iandikwe kokoa tupu. Na inauma kweli, Kyela wanalima kakao miaka yote, nyingi inaondoka nchini ikiwa punje kavu halafu sisi tunanunua kikopo kutoka nje.

Mleta mada:
@Chai ya Saa Kumi umenigusa 😂 Sasa kuna swali, kale kagamba ka juu kembamba kanakong'aa na kupasukapasuka mnakapataje? Kwangu kanatokea siku kakitaka chenyewe.

Bint Unguja (Muscat):
Shoga kagamba hako ni sukari, haina uchawi. Siagi ikiwa bado ya moto mimina sukari palepale, koroga, iache ipungue moto usije ukapika mayai, kisha tia mayai upige kwa nguvu mpaka uone uji mzito unaong'aa na sukari huisikii sana ukisugua kidoleni. Unga na kokoa mwisho, na hapo sasa usipige tena, changanya kwa mwiko mpaka usione weupe basi. Mie natia lozi na iliki kidogo, wazungu watanisamehe.

Kanairo Baker:
Sasa nyinyi watu wa korosho, mshawahi kujaribu makadamia? Zinakuzwa huku Murang'a na Embu, mimi hununua zile zimebanguliwa tayari sababu ganda lake utavunja nyundo. Ina mafuta mob kwa hivyo kuchoma ni dakika chache tu, ikigeuka dhahabu toa. Njugu karanga za kawaida pia ziko sawa na ni za bei ya chini, lakini ladha yake inafunika chokoleti, hapo hamnibadilishi.

Mama Pacha:
@Kanairo njugu usizitukane, wateja wangu wa shuleni ndo wanazozitaka na bei inawafaa. Cha muhimu kwa wanaouza, andikeni kwenye kifungashio kuna karanga ndani, kuna watoto wakila wanavimba mdomo na pumzi inabana, sio utani. Na msikate zikiwa za moto jamani, zinabomoka zote. Mimi naoka usiku nakata asubuhi, kisu nachovya maji ya moto nafuta, nakata, nachovya tena. Mwenye oda ya jumla aje inbox 😅